Mpe na Barua ya Rufaa

Haya nawaandikia ninyi mnaoitana mafundi ingawa cheti bado, ninyi wa Njombe mjini na wenzenu wa Makambako mnaopeana vifaa kwa kosta: leo chaja inashuka, kesho kioo kinapanda. Mchezo wenu naupenda. Kijana anayekesha na bisibisi mkononi hanipi wasiwasi. Kinachonipa wasiwasi ni namna mnavyopeana.

Mashine za kutoa zimekuwa nyingi, na sababu mojawapo mnaijua. Oktoba 14, 2025, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inazikataa kompyuta nyingi za zamani, ama kwa sababu ya prosesa, ama kwa kukosa kile kichipu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Basi watu wanaziita mbovu. Mashine ya namna hiyo siyo mbovu, ni kuukuu tu. Ipigwe Linux Mint, au Lubuntu kama RAM ni ndogo, na mtoto wa sekondari atasomea bila shida. Hiyo ukimpa mtu, umempa kompyuta. Mimi nazungumzia ile nyingine, kompyuta mpakato ambayo kweli inaumwa: inazima yenyewe, ina mistari kwenye kioo, au haiwaki kabisa, na wewe umeichoka, na unamfahamu mwenzako Makambako anayependa kufungua vitu.

Mgonjwa akitolewa zahanati ya kijijini kupelekwa Hospitali ya Kibena hapakizwi tu kwenye gari akaachwe mlangoni. Anakwenda na barua ya rufaa: alianza kuumwa lini, alipewa dawa gani, ipi ilimsaidia na ipi haikumsaidia. Kompyuta mbovu nayo isitoke mikononi mwako bila barua hiyo. Karatasi moja ya daftari inatosha, ibandike kwenye mfuniko kwa gundi ya karatasi. Iandike hivi:

"Ilimwagikiwa chai mwezi wa tatu, upande wa kulia wa kibodi. Tangu hapo inawaka kwa chaja tu. Feni inaanza kupiga kelele, dakika kumi baadaye inazima. Nilishabadilisha RAM, haikusaidia. Skrubu mbili za chini hazipo. Bawaba ya kushoto ina ufa."

Mwenzako akisoma hapo, nusu ya kazi imekwisha. Chai upande wa kulia inamwambia aanze kuangalia wapi kutu ya kijani. Feni inayolia na mashine inayozima baada ya dakika kumi vinamwambia kuna joto, kwa hiyo pengine ile dawa ya kupoozea iliyo kati ya prosesa na bati lake imekauka. RAM uliyokwisha kubadilisha imemwokolea safari ya kuazima nyingine. Kama mashine inatoa milio ukiiwasha, ihesabu uandike, mirefu mingapi na mifupi mingapi, maana watengenezaji wameipangia milio hiyo maana, kila mmoja na mpango wake. Na kama ubovu uliuleta wewe mwenyewe kwa kuingiza bisibisi pasipostahili, andika hilo pia. Aibu yake ni ya siku moja. Ukilificha, mwenzako atalitafuta wiki nzima.

Vijana wengi hapa hufanya kinyume. Anasema "ina kashida kadogo tu," au "ilikuwa inawaka vizuri hadi juzi," kumbe imekaa uvunguni tangu mwaka juzi na mafundi wawili wa mjini walishaikataa. Kukiuza kimeo bila kukisema mnajua ni utapeli. Kwa nini kukitoa bure bila kukisema mnakuita ukarimu? Mwenzako hajatoa hela, sawa. Lakini atatoa usiku wake, umeme wake, na pengine atanunua betri mpya kwa ajili ya mashine ambayo madabodi yake wewe ulijua imeungua.

Jambo hili dunia nzima imelipigania, na sisi Waafrika tumelilalamikia kuliko wengine. Upo Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 unaohusu kusafirisha taka hatari kutoka nchi moja kwenda nyingine. Kuanzia Januari 1, 2025, marekebisho yake yanataka taka zote za kielektroniki, hata zile zisizo na sumu, zisivuke mpaka kabla nchi inayopokea haijaarifiwa na kuridhia. Yaani kwanza uambiwe kinachokuja, ndipo useme ndiyo au hapana. Tunamdai Mzungu hivyo, tena kwa haki. Halafu kijana wa Njombe anamtumia mwenzake wa Makambako, kilomita sitini tu chini, kompyuta iliyokufa na ujumbe wa "utaona mwenyewe." Mpigie kwanza. Mwambie yote. Akisema hana nafasi wala hamu, usimnunie.

Wala msinielewe kwamba nachukia vitu vibovu. Sisi wa rika langu tumesomeshwa navyo. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 nchi ikapiga marufuku kuingiza kompyuta, kwa hiyo aliyekuwa na kiu ya elimu hiyo alifungua redio. Redio mbovu, maana nzima baba asingekuruhusu hata kuipangusa vumbi. Ninyi mnazipata kompyuta mbovu mikononi, bure. Ni bahati kubwa kuliko mnavyodhani, na ndiyo maana sitaki mwiharibu.

Sasa niseme la diski, na hapa nitakaa kidogo.

Unapofuta faili na kumwaga pipa la taka, kompyuta inafuta jina tu kwenye orodha yake. Maandishi yenyewe, au picha, inabaki palepale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Kufomati kwa haraka ni yaleyale. Kuna wanafunzi wawili wa chuo cha MIT huko Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walionunua diski 158 za mtumba, wakatoa matokeo mwaka 2003. Walizoweza kuzisoma zilikuwa 129. Kati ya hizo, zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo zilikuwa 12. Kwenye nyingine nyingi walikuta mabaki ya maisha ya watu: barua binafsi, taarifa za matibabu, na namba za kadi za benki kwa maelfu. Hawakuwa wezi. Walitumia programu za kurudishia faili, na za namna hiyo leo kila mmoja wenu anazo kwenye flashi.

Mnaweza kusema, mzee, mimi sina kadi ya benki. Haya, tufungue diski ya kompyuta iliyotoka kwenye steshenari yoyote ya stendi. Humo mna nakala za vitambulisho vya taifa vya watu waliokuja kuomba mikopo ya elimu ya juu. Mna vyeti vya kuzaliwa, barua za maombi ya kazi zenye namba za simu za wadhamini, mikataba ya mashamba ya parachichi, picha za pasipoti za binti wa watu. Kivinjari kinakumbuka majina na nywila za wateja, maana mhudumu alibonyeza "hifadhi" ili foleni iende. Mwenye steshenari akiitoa mashine hiyo, hatoi cha kwake peke yake. Anatoa na cha watu mia wasiojua. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na inamhusu kila anayekusanya taarifa za watu. Haitamsikiliza atakayesema alikuwa anampa rafiki tu.

Njia iliyo salama kabisa ni hii: ichomoe diski ubaki nayo. Kwenye mashine nyingi za zamani ni kifuniko kimoja na skrubu chache. Mwenzako fundi hatakosa diski nyingine ya kujaribia, na wewe ukiitia kwenye kava la USB utaendelea kuitumia. Kama lazima iende nayo, basi ijaze sifuri mwanzo hadi mwisho. Linux yenyewe ina amri ya kufanya hivyo, na kwa diski ya kuzunguka mara moja inatosha, hayo ya kurudia mara saba yameshapitwa. Diski za kisasa zisizozunguka, SSD, zina amri yao ya kujifuta, itafute kwenye programu ya mtengenezaji, maana kujaza sifuri huacha vyumba vingine havijaguswa. Na kama diski imekufa kiasi cha kutosomeka kwako, usidhani imekufa kwa wote. Ipige nyundo.

Kabla hujaifunga, ondoa nywila ya BIOS na utoke kwenye akaunti zako. Mashine yenye nywila ya BIOS ambayo mwenyewe ameisahau ni mateso matupu, hasa zile za maofisini.

Nawe unayepokea, ukikuta mwenzako kasahau kusafisha, usianze kuchungulia. Najua udadisi wa fundi. Mpigie, muulize kama anataka chochote kiokolewe, mpe, kisha futa. Binti aliyekuamini na kompyuta yake asije akasikia picha zake zimeonekana huko Mwembetogwa, Makambako.

La pili ni betri. Betri za kompyuta hizi ni za lithiamu, na nyingi za zamani ndani yake ni mawe madogo ya mviringo, upana milimita 18 na urefu 65, ndiyo maana mnayaita 18650. Nawajua mnaoyapasua kutengenezea pawabenki na taa. Jiwe likijaa lina volti 4.2. Likishuka chini ya volti 2 na kukaa hivyo miezi, shaba iliyo ndani huanza kuyeyuka, na siku utakapolazimisha chaji linaweza kujifunga lenyewe kwa ndani na kushika moto. Kwa hiyo jiwe lililolala chini hivyo usilifufue, hata kama kuna mtu amekuonyesha kwenye video.

Dalili ya betri iliyovimba ni rahisi. Weka mashine kwenye meza iliyonyooka. Kama inayumba, au ile sehemu ya kugusa iliyo chini ya kibodi imeinuka, au mfuniko haufungi, basi usiichaji, usiibonyeze irudi, usiitoboe kutoa hewa. Itoe betri taratibu, iweke kwenye ndoo ya mchanga mkavu nje ya nyumba, na mashine iende bila betri. Andika kwenye barua: "betri ilivimba, nimeitoa." Kumtumia mtu betri iliyovimba kwenye kosta yenye abiria kumi na watano na mizigo ya watu ni dhambi, sitafuti neno laini.

Baridi yetu nayo ina mambo yake. Njombe mjini tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na Juni na Julai mnazijua. Betri ikipoa sana inapungua nguvu, hivyo ikizima mapema asubuhi usiiandike imekufa kabla hujaijaribu mchana. Ila usiipashe moto kwenye jiko. Na mashine iliyotoka kwenye baridi ya safari ukiingia nayo kwenye chumba chenye jiko la mkaa inatoa jasho ndani, maji juu ya madabodi. Iache kwenye mfuko wake saa mbili tatu ndipo uiwashe. Kipya kinyemi kingawa kidonda, mtu anapopokea anataka kubonyeza palepale stendi. Vumilia.

Umiliki nitaugusa kwa ufupi, maana hauna mjadala. Toa kilicho chako. Kompyuta yenye kibandiko cha namba ya halmashauri, shule au kanisa siyo yako hata kama imekaa kabatini kwako miaka mitano. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022, vikagawiwa kwa walimu baadaye, navyo ni mali ya serikali, usije ukampa mpwa wako kwa sababu kioo kimepasuka. Mali ya umma iliyochakaa ina utaratibu wake wa kufutwa kwenye daftari. Na kwa kilicho chako, andika mistari miwili kwenye karatasi ileile ya rufaa: mimi fulani nimempa fulani kompyuta ya aina fulani, namba yake hii, tarehe hii, sahihi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtaja anayepokea mali ya wizi, na kijana mwenye kompyuta tatu zilizofunguliwa kitandani hana sura ya kuaminika mbele ya askari. Hiyo karatasi ndiyo itakayomsemea.

Sasa nije kwenye masimango, na hili ndilo lililovunja urafiki mwingi kuliko betri zote.

Kijana wa Njombe ametoa mashine haiwaki. Mwenzake wa Makambako ameikalia, amepima njia za umeme moja baada ya nyingine, amekuta kijiwe kimoja kwenye laini ya chaja kimejifunga, amekitoa, amekirudishia kingine alichobandua kwenye madabodi iliyokufa. Imewaka. Amefurahi, amepiga picha, amemtumia mwenzake. Na palepale yule wa Njombe anaanza kuiita "laptopu yangu." Kwanza anaiazima kwa kazi moja. Kisha anauliza kama inaweza kukaa kwake siku za mitihani. Akikataliwa anawaambia watu, "Yule bila mimi asingegusa kompyuta."

Mwanangu, ulitoa mzigo wa plastiki usiowaka. Aliyonayo mwenzako leo ni mashine, na tofauti kati ya hivyo viwili ni kazi yake. Kama moyo wako ulikuwa unasema "akiitengeneza tutagawana," ulipaswa kusema kabla. Kuna kutoa, kuna kuazima, na kuna kupeleka kwa fundi, na kila kimoja kina neno lake. Sema neno hilo siku ya kwanza, kwa sauti, au liandike. Ukisema "chukua tu tutaona," umetega mtego, na siku moja utakunasa wewe.

Aliyepewa naye ana adabu zake. Ukishindwa, mwambie aliyekupa umefika wapi na umegundua nini, hata kama hajauliza. Ulichogundua ndicho anachostahili kupata, maana alibaki na swali. Usiifunge kienyeji ukamuuzia mama wa genge kuwa ni nzima. Ukiivunja kwa spea hakuna ubaya: kioo kwa huyu, kibodi kwa yule, RAM kwako. Mabaki usiyatupe bondeni kwa mto Ruhuji wala usichome nyaya upate shaba, moshi wake ni sumu na watoto wa jirani ndio wanaouvuta. Tangu 2021 kuna kanuni za nchi kuhusu taka za vifaa vya umeme na kielektroniki, na zinataka ziende kwa wakusanyaji wenye kibali. Weka boksi moja kwa kikundi chenu, likijaa tafuteni gari linalorudi Dar es Salaam tupu, ni mengi hapo njia panda ya Makambako.

Limebaki la safari. Kompyuta isiwekwe kwenye buti. Buti ya kosta inayotoka Njombe ni ya viazi, na viazi vyetu, Wakala wa Vipimo waseme wasemavyo, bado vinafungwa lumbesa. Gunia moja likiegemea kioo, barua yako ya rufaa itakuwa imepungukiwa na ugonjwa mmoja. Izungushie nguo nene, itie kwenye begi la mgongoni, mkabidhi konda mkononi, na umwandikie jina na namba ya simu ya mpokeaji kwenye kipande cha boksi. Bora zaidi mpe mtu unayemjua anayeshuka.

Na nauli ya mzigo alipe anayetoa. Siyo unampigia mwenzako kwamba zawadi yako iko stendi ya Makambako, njoo na hela ya konda.